Mshahara wa Mwezi na Malipo ya Saa za Ziada: Nani Anastahili?

Katika kata ya Mogitu na vijiji vingine vya Wilaya ya Hanang, msimu wa mavuno hubadilisha saa za kazi za watu wengi ambao wenyewe hawashiki jembe. Karani wa ghala huanza kupokea magunia kabla ya jua kuchomoza. Mlinzi hubaki langoni hadi lori la mwisho liondoke kuelekea Babati au Singida. Mhasibu wa duka la pembejeo mjini Katesh hufunga hesabu usiku, majirani wakiwa wamelala. Mwisho wa mwezi wote hawa hupokea kiasi kilekile walichopokea katika mwezi uliokuwa mtulivu, na wakiuliza hupewa jibu ambalo tumelisikia mara nyingi: wewe ni mtu wa mshahara, ovataimu ni ya vibarua. Wengine huambiwa kwamba mshahara wao umeshakuwa mkubwa mno kustahili malipo ya ziada.

Majibu yote mawili hayana msingi katika sheria ya Tanzania Bara. Tumeandika maelezo haya ili mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi aweze kujua mwenyewe kama yumo miongoni mwa wanaostahili, na kama yumo, anastahili kiasi gani.

Imani kwamba kuna kiwango cha mshahara ambacho ukikivuka unapoteza haki ya saa za ziada haikuzuka hewani, maana zipo nchi zenye utaratibu huo. Nchini Marekani, kanuni za shirikisho zinasema kwamba mfanyakazi wa mshahara hawezi, kwa kawaida, kunyimwa malipo ya saa za ziada kwa sababu ya cheo chake ikiwa analipwa chini ya dola 684 kwa wiki. Anayelipwa kiasi hicho au zaidi anaweza kunyimwa, iwapo kazi anazofanya ni za uongozi, utawala au taaluma. Kiwango hicho kilianza kutumika Januari 2020. Mwaka 2024 serikali ya huko ilikipandisha, lakini mwezi Novemba mwaka huohuo mahakama moja ya Texas ilibatilisha kanuni mpya na kiwango cha awali kikarejea. Afrika Kusini nayo hutangaza kiwango cha mapato ya mwaka, na anayekizidi hubaki na kile tu alichokubaliana na mwajiri wake kuhusu saa za ziada. Mwenye ndugu katika nchi hizo anaweza kuyasikia haya na kudhani ndivyo ilivyo kwetu.

Kwetu bunge lilichagua njia nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haina kiwango cha fedha kinachowatenganisha wanaolipwa saa za ziada na wasiolipwa. Anayepokea shilingi 200,000 na anayepokea shilingi 2,000,000 wanapimwa kwa kigezo kimoja, nacho kinahusu mamlaka aliyonayo mtu kazini. Kifungu cha 17 kinawaondoa wale wanaowasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambao wanawajibika moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Masharti hayo ni mawili, na yote mawili lazima yawepo. Anayesimamia wenzake lakini yuko chini ya msimamizi mwingine wa kati hajaondolewa. Anayeripoti kwa mkurugenzi kila asubuhi lakini hana mfanyakazi yeyote chini yake hajaondolewa pia.

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa, kwa sababu vyeo siku hizi hutolewa kwa urahisi kuliko mishahara. Tuchukue mfano wa mtunza ghala anayelipwa shilingi 780,000 kwa mwezi, ambaye barua yake ya ajira inamwita Meneja wa Ghala. Anapokea mzigo, anaandika stakabadhi, anashika funguo. Wapakiaji wanapokuja huletwa na kupangiwa kazi na mtu mwingine. Huyu ni meneja kwa jina tu, na saa zake za ziada zinastahili kulipwa. Mlinganishe na msimamizi wa kituo cha kununulia mazao anayelipwa shilingi 400,000, mwenye wafanyakazi 14 chini yake, anayewapangia zamu, kuwapa ruhusa na kupendekeza adhabu, na ambaye bosi wake wa karibu ndiye mwenye kampuni. Huyu sheria imemwondoa, ingawa anapata karibu nusu ya mwenzake. Matokeo hayo huwashangaza wengi, na sisi tunakubali kwamba yanaweza kumuumiza msimamizi mwenye mshahara mdogo. Ushauri wetu kwake ni kwamba kilichoachwa na sheria kinaweza kuwekwa na mkataba: aombe malipo ya saa za ziada yaandikwe katika barua yake ya ajira kabla ya kukubali kupandishwa cheo. Aelewe vilevile kwamba kuondolewa huko kunagusa mambo mengi zaidi ya ovataimu, yakiwemo malipo ya usiku, mapumziko ya wiki na malipo ya sikukuu. Likizo ya mwaka hakuipoteza.

Walimu wa shule binafsi huuliza swali linalofanana na hilo. Mwalimu wa bweni anasimamia watoto mia mbili, je, si msimamizi? Hapana. Sheria inazungumzia kusimamia wafanyakazi, na wanafunzi si wafanyakazi. Mwalimu wa kawaida ambaye zamu ya bweni inampeleka zaidi ya saa zake za kawaida anastahili kulipwa. Mwalimu mkuu anayewaongoza walimu wenzake na kuwajibika kwa mmiliki wa shule ana hali tofauti, na kwa kawaida ataangukia upande wa walioondolewa.

Sasa tueleze saa zenyewe. Saa za kawaida hazipaswi kuzidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Hizo ni juu kabisa. Mkataba unaweza kuweka pungufu, kwa mfano saa 40. Kinachozidi saa za kawaida ndicho kazi ya ziada, na mwajiri anaruhusiwa kuidai pale tu palipo na makubaliano. Hata yakiwepo, saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na siku moja ya kazi, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12. Malipo ya saa ya ziada ni angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki hulipwa mara mbili, na ya sikukuu ya umma hali kadhalika. Karani anayeitwa kupokea mzigo siku ya Nane Nane anastahili mara mbili kwa kila saa aliyofanya, hata kama sherehe yenyewe ni ya wakulima anaowahudumia.

Anayelipwa kwa mwezi hupata kiwango chake cha saa kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195. Namba hiyo inatokana na saa 45 za wiki zikizidishwa kwa wiki 4.333 za mwezi. Mwenye mkataba wa saa 40 agawe kwa 173.3, na kiwango chake cha saa kitakuwa kikubwa zaidi. Yule mtunza ghala wa shilingi 780,000 ana shilingi 4,000 kwa saa, kwa hiyo saa moja ya ziada ni shilingi 6,000. Akifanya saa 20 za ziada kwa mwezi, anastahili shilingi 120,000.

Neno la kuangaliwa katika hesabu hiyo ni “msingi”. Posho ya nyumba, ya usafiri au ya chakula haiingii. Mwajiri akimpa mtu huyohuyo jumla ileile ya shilingi 780,000, lakini akaandika mshahara wa msingi 390,000 na posho 390,000, saa ya ziada hushuka hadi shilingi 3,000 na saa 20 huwa shilingi 60,000. Mkononi mwisho wa mwezi wa kawaida hakuna tofauti anayoiona mfanyakazi, na ndiyo maana wengi hutia saini bila kuuliza. Tunamshauri kila anayepewa barua ya ajira atazame mgawanyo huo kabla ya kutazama jumla. Mshahara wa msingi nao hauwezi kushushwa chini ya kima cha chini cha sekta husika. Katika amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Januari 2023, kima hicho kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi katika kilimo na shilingi 150,000 katika biashara na viwanda. Amri hizi hupitiwa upya kila baada ya muda, hivyo kinachotumika ni kilichomo katika amri ya karibuni, na afisa kazi anaweza kukueleza.

Kundi ambalo kwa maoni yetu linapoteza zaidi kuliko yote ni walinzi. Tufanye hesabu kamili ya mmoja, kwa mshahara wa msingi wa shilingi 195,000, ili kiwango cha saa kiwe shilingi 1,000 na mtu yeyote aweze kuifuata. Analinda ghala kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, usiku 6 kwa wiki, peke yake. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa moja baada ya kufanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Hata hivyo, mtu asiyeweza kuondoka langoni bado yuko kazini, na saa hiyo inalipwa. Jumla yake ni saa 72 kwa wiki: 45 za kawaida na 27 za ziada. Saa 27 kwa shilingi 1,500 ni shilingi 40,500 kwa wiki, yaani shilingi 162,000 kwa wiki nne.

Bado kuna malipo ya usiku. Kazi inayofanyika kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na kama saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 hukokotolewa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Saa zake tisa za kawaida huanza saa 12 jioni na kwisha saa 9 usiku. Kati ya hizo, saba ni za usiku. Kwa siku tano hizo ni saa 35, kwa shilingi 50 kila moja, sawa na shilingi 1,750. Saa za ziada zilizoangukia usiku ni 15 katika siku tano za kwanza na 10 katika siku ya sita, jumla 25, kwa shilingi 75 kila moja, sawa na shilingi 1,875. Nyongeza ya usiku kwa wiki ni shilingi 3,625, na kwa wiki nne shilingi 14,500.

Ukijumlisha vyote, mlinzi huyu anadai shilingi 176,500 kwa wiki nne, karibu sawa na mshahara mzima anaoupokea. Kwa maneno mengine, analipwa nusu ya alichofanyia kazi. Na hapo hatujazungumzia kwamba saa zake za ziada, 108 kwa wiki nne, ni zaidi ya mara mbili ya zile 50 zinazoruhusiwa. Mpangilio huo haukubaliki hata ukilipiwa. Mwajiri mwenye ghala linalohitaji ulinzi wa usiku kucha anapaswa kuajiri mlinzi wa pili wa kupokezana naye. Kuvuka mpaka huo hakumpi mwajiri sababu ya kutolipa. Hatuoni kwa nini anayevunja sheria afaidike kwa kuivunja.

Waajiri wa walinzi wakati mwingine hutaja wiki ya kazi iliyobanwa, na ni kweli sheria inairuhusu. Kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya saa za ziada. Lakini siku haziruhusiwi kuzidi 5 kwa wiki, saa za kawaida hazizidi 45, na za ziada hazizidi 10 kwa wiki. Anayefanya siku 6 za saa 12 hayumo ndani ya utaratibu huo, hata kama karatasi aliyotia saini inautaja kwa jina.

Jambo jingine linaloletwa kwetu ni mshahara jumuishi, pale mkataba unaposema kwamba mshahara umeshajumuisha saa zote za ziada. Viwango vya ajira vilivyomo katika sheria ni sehemu ya kila mkataba, isipokuwa mkataba umetoa nafuu zaidi kwa mfanyakazi. Kwa hiyo sentensi hiyo haitoshi yenyewe. Muulize mwajiri mambo mawili: mshahara wa msingi ni kiasi gani, na ni saa ngapi za ziada zilizojumuishwa. Asipoweza kujibu, huenda hakuna kilichojumuishwa.

Watumishi wa umma, kama muuguzi wa zahanati ya serikali au mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji, wana kanuni za utumishi na posho zao, na malalamiko yao huanzia katika mamlaka za utumishi wa umma. Wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa hawamo katika sheria hii. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Mfanyakazi wa nyumbani yumo, ingawa ni nadra kumkuta akidai, na sababu tunazijua: analala alipoajiriwa, na hakuna anayemwandikia saa zake.

Kuandika saa ndiyo kazi tunayomwomba kila msomaji aianze leo. Daftari la shilingi mia chache linatosha. Andika tarehe, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na nani alikuagiza ubaki. Ujumbe wa simu wa kukuita kazini Jumapili usiufute. Hifadhi slipu za mshahara. Mwajiri anawajibika kukupa maelezo ya maandishi ya malipo yako na makato yake, na kukupa tangu mwanzo maelezo ya maandishi ya ajira yenye saa za kazi na mshahara. Katika shauri, mwajiri asipotoa mkataba au maelezo hayo, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalobishaniwa. Kanuni hiyo imewasaidia wengi walioajiriwa kwa mdomo. Lakini haikuandikii idadi ya saa ulizofanya. Hiyo ni lazima uwe nayo.

Mwenye madai aanze kwa kumwandikia mwajiri na kubaki na nakala. Wapo waajiri wanaokosea kwa kutojua, na hesabu iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi moja imemaliza mambo bila kelele. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kama TPAWU kwa mashamba au TUICO kwa biashara na viwanda, amhusishe kiongozi wa tawi. Ikishindikana, hatua inayofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mkazi wa Hanang hilo humaanisha safari ya kwenda makao makuu ya mkoa, Babati, na tunajua nauli si jambo dogo kwa mtu anayedai shilingi elfu sitini. Ni vyema wafanyakazi wa sehemu moja wenye dai la aina moja waende pamoja.

Muda una mipaka. Dai la malipo lipelekwe Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Dai la kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kutoa sababu ya msingi, na kumsubiri mwajiri “atakumbuka tu” si sababu hiyo. Tumekutana na watu waliokusanya madai ya miaka mitatu wakingoja siku ya kuacha kazi ili wayadai yote kwa pamoja. Kufanya hivyo ni kucheza kamari na haki.

Hofu ya kufukuzwa ni ya kweli, na hatutaipuuza. Sheria inasema kwamba kutumia haki iliyotolewa na sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, hata hivyo, haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6. Aliye mgeni kazini apime wakati wa kudai, huku akiendelea kuandika katika daftari lake na kuihesabu ile miezi pamoja na zile siku 60.

Mbele ya Tume, shauri huanza kwa usuluhishi, na mengi ya aina hii yanaweza kumalizikia hapo. Mkikubaliana, hakikisha kiasi na tarehe ya malipo vimeandikwa kwa tarakimu, pande zote zimetia saini, na nakala yako umeondoka nayo siku hiyohiyo.